Bibi alitoka Oldham: nitawapataje watu wake?

Swali: "Bibi yangu mzaa baba alikuwa Mwingereza. Alizaliwa Oldham mwaka 1934, akaolewa na babu mjini Manchester mwaka 1957 wakati babu yuko masomoni, kisha wakaja huku kwa meli mwaka 1959. Hakurudi tena kwao mpaka alipofariki. Nilicho nacho ni cheti chao cha ndoa na picha mbili. Tukimuuliza habari za kwao alikuwa anasema ni watu wa viwandani tu, si watu wa kuandikwa popote. Nimeingiza jina la baba yake kwenye tovuti ya nasaba, wakanitokea watu wa jina hilo wamejaa tele, sijui nishike yupi. Baba yangu amezeeka na anataka kujua kwao. Nianzie wapi?" Z., Tanga.

Dada Z., naomba radhi kumpinga marehemu, lakini watu wa viwandani wa Lancashire, jimbo ambalo Oldham ilikuwa ndani yake, waliandikwa mno. Hawakuandikwa kwa heshima. Waliandikwa kwa sababu serikali ilitaka kujua wako wangapi, wanakufa kwa ugonjwa gani, na mtoto huyu amefikisha umri wa kuingia kiwandani au bado. Tajiri aliacha wosia na picha ya ukutani, maskini akaachiwa mistari kwenye madaftari ya makarani, na ukiikusanya mistari hiyo vizuri unapata mengi kuliko unavyodhani. Shida yako si uhaba wa karatasi. Shida ni kwamba Oldham ilijaa watu wengi wenye majina machache. Wakina James, John na Mary wa jina moja la ukoo walikuwa wanaishi mtaa mmoja, na wote wanafanya kazi ya nyuzi. Kwa hiyo acha kutafuta jina, tafuta kaya: baba, mama, watoto wao kwa mfuatano wa umri, mtaa na kazi. Jina moja linaweza kuwa la watu arobaini, lakini mume, mke na watoto wanne wa majina na umri uleule ni nadra kurudiwa.

Tuanze na cheti cha ndoa. Umeniandikia kwamba baba yake ametajwa kuwa msokotaji wa pamba na mbele yake pameandikwa kuwa amefariki. Vizuri, maana sasa tunajua kifo chake kilitokea kabla ya ndoa ya 1957. (Angalia lakini: pale ambapo hapajaandikwa hivyo, usidhani mtu yuko hai. Makarani wengi hawakuuliza.) Mama yake hatajwi kabisa, na hilo si uzembe wa mtu. Vyeti vya ndoa vya England na Wales vilikuwa na nafasi ya akina baba peke yao hadi Mei 2021.

Mama tunampata kwenye faharasa ya vizazi. Usajili wa serikali wa vizazi, ndoa na vifo ulianza England na Wales tarehe 1 Julai 1837, na faharasa zake zimepangwa kwa robo za mwaka. Kuanzia robo ya Septemba 1911, kila kizazi kimeandikwa pamoja na jina la ukoo la mama kabla hajaolewa. Ingia tovuti ya FreeBMD yenye faharasa hizo, haina malipo, tafuta wilaya ya Oldham, mwaka 1934, jina la bibi. Ukimkosa, angalia pia robo ya kwanza ya 1935, kwa sababu robo inahesabiwa kwa siku ya kuandikishwa, na wazazi walipewa siku 42. Mtoto wa Desemba mara nyingi huonekana katika mwaka unaofuata.

Ukishapata jina la ukoo la mama, umepata ufunguo. Sasa tafuta watoto wote waliozaliwa Oldham wenye majina hayo mawili, la baba na la mama. Utawapata kaka na dada za bibi, wale ambao hakuwahi kuwataja. Kisha rudi nyuma kabla ya mtoto wa kwanza utafute ndoa ya wazazi hao. Kwa Lancashire kuna faharasa ya pekee, Lancashire BMD, iliyotengenezwa kutoka kwenye madaftari ya wasajili wa wilaya zenyewe, na kwa ndoa nyingi inakuonyesha hata kanisa. Yote haya hayajakugharimu hata senti.

Sasa sensa, na hapa kuna pengo unalotakiwa kulijua mapema usije ukapoteza miezi. Sensa ya Uingereza hufungwa kwa miaka 100. Ile ya 1921 ilifunguliwa Januari 2022. Ya 1931 ya England na Wales iliungua yote kwenye moto wa Desemba 1942 huko Hayes. Ya 1941 haikufanyika, kulikuwa na vita. Ya 1951 itafunguliwa 2052, na wewe na mimi tutakuwa wazee wa kubebwa. Bibi yako amezaliwa katikati ya pengo hilo.

Bahati ni kwamba tarehe 29 Septemba 1939, vita ikiwa haijatimiza mwezi, serikali iliandikisha raia wote ili kuwapa vitambulisho na baadaye kadi za mgawo wa chakula. Daftari hilo la 1939 lipo, na linaonyesha anwani, jina, tarehe kamili ya kuzaliwa, hali ya ndoa na kazi. Bibi yako alikuwa mtoto wa miaka mitano hivi, naye atakuwa kwenye mstari chini ya wazazi wake. Ila mstari wake utaukuta umefunikwa. Sheria ni kwamba mtu aliyezaliwa chini ya miaka 100 iliyopita hafunguliwi mpaka ijulikane amefariki, na kifo kilichotokea Tanga hakiwezi kujulikana London. Tuma nakala ya cheti chake cha kifo, kile mlichochukua RITA, uombe mstari ufunguliwe. Kama hamjawahi kukichukua, hiyo ndiyo kazi ya kwanza, kwa sababu ndiyo itakayokula muda.

Mstari huo una thamani ya ziada. Daftari la 1939 liliendelea kutumika kwa miongo mingi kama orodha ya huduma ya afya ya taifa, na mwanamke akiolewa karani alikata jina la zamani na kuandika jipya juu yake. Kwa hiyo inawezekana kabisa ukakuta, kwenye ukurasa wa wasokotaji na washonaji wa Oldham, jina la ukoo la babu yako limeandikwa kwa wino wa rangi nyingine. Si lazima liwepo. Lakini likiwepo huhitaji ushahidi mwingine kwamba umefika nyumbani kwa bibi.

Wakati unasubiri, tafuta orodha ya abiria. Nyaraka za Taifa za Uingereza zilizoko Kew zinazo orodha za wasafiri walioondoka kwa meli kati ya 1890 na 1960, na zimewekwa mtandaoni kwenye tovuti za nasaba za Findmypast na Ancestry. Meli ya 1959 imo ndani ya muda huo. Utapata umri, kazi, na anwani ya mwisho Uingereza. Anwani hiyo inaweza kuwa ya chumba cha kupanga Manchester, lakini inaweza pia kuwa ya mama yake. Ilinganishe na ile ya 1939.

Tukifika hapo tutakuwa na kaya moja imara, na kutoka hapo tunarudi nyuma hatua kwa hatua. Usiruke kizazi. Watu wengi hupata babu wa babu mwenye jina linalolingana, wakamkumbatia, kisha wanatumia mwaka mzima kumjengea ukoo mtu asiyewahusu.

Tuseme babu mkuu wako, yaani baba wa bibi, alizaliwa kama mwaka 1900, na faharasa inakupa wavulana watano wa jina lake Oldham kati ya 1898 na 1902. Utamjuaje? Kwanza wapunguze. Pitia faharasa ya vifo vya miaka kumi iliyofuata, kwa sababu vifo vya watoto katika miji ya viwanda vilikuwa vingi mno, na aliyekufa na miezi minane hawezi kuwa baba wa bibi yako. Waliobaki watafute kwenye sensa ya 1911, kila mmoja na wazazi wake. Kisha chukua cheti cha ndoa cha babu mkuu, hiki sasa ni cha kununua, usome jina na kazi ya baba yake. Mwenye baba wa jina hilo na kazi hiyo ndiye. Wakibaki wawili, tazama anwani ya kwenye cheti na majina ya mashahidi, mara nyingi shahidi ni kaka au dada ambaye utamkuta kwenye moja ya kaya hizo mbili na si kwenye nyingine.

Sensa ya 1911 ndiyo ninayoipenda kuliko zote, na nitakuambia kwa nini. Katika sensa za kabla yake tunachosoma ni nakala ya karani. Mwaka 1911 tunayo fomu yenyewe aliyoijaza mkuu wa kaya kwa mkono wake. Mwanamke aliyeolewa aliulizwa ameolewa miaka mingapi, amezaa watoto wangapi wakiwa hai, wangapi bado wanaishi na wangapi wamekufa. Chukua mfano wa kutunga: ndoa ya miaka 19, waliozaliwa 9, walio hai 5, waliokufa 4. Wale wanne hawamo katika sensa yoyote ikiwa walizaliwa na kufa kati ya 1901 na 1911. Wamo kwenye namba hiyo tu, na kwenye faharasa za vizazi na vifo. Na zipo fomu ambazo baba, ama kwa kutoelewa maelekezo ama kwa kutotaka kuwaacha, aliwaandika na marehemu kwa majina. Karani akaja akawakata kwa wino mwekundu. Chini ya mstari mwekundu majina bado yanasomeka. Ukikutana na fomu ya namna hiyo, nakili kila neno.

Za kabla ya hapo nitazitaja kwa haraka. Kuanzia 1851 sensa inaeleza uhusiano wa kila mtu na mkuu wa kaya na parokia aliyozaliwa. Ile ya 1841 ni dhaifu: umri wa watu wazima umepunguzwa kwa hesabu ya tano tano, uhusiano haumo, na mahali pa kuzaliwa ni "jimbo hili la Lancashire, ndiyo au hapana" kwa vitendo. Za 1891 na 1901 zinakuambia kama familia ilikaa kwenye vyumba pungufu ya vitano. Ya 1881 nakala yake inasomeka bure kwenye tovuti ya FamilySearch, jizoeze nayo. Na ya 1921 ina jambo tamu kwa familia kama hii: inataja mwajiri na mahali pa kazi. Utaujua mpaka mlango wa kiwanda alichokuwa akiingia.

Hapo ndipo kazi zinapoanza kusema. Kwenye karatasi za Oldham utakutana na "minder", ndiye fundi msokotaji anayesimamia mashine mbili ndefu, na "piecer", ambaye alikuwa anaunga nyuzi zinapokatika, akitembea peku kwenye sakafu iliyolowa mafuta huku mashine inakwenda na kurudi. Vijana wengi walianza kwa kuunga, wachache wakafikia kuwa minder, kwa hiyo mtu kuwa "piecer" na miaka 35 si kosa la karani. Mtoto aliyeandikwa nusu shule na nusu kazini alikuwa anagawa siku, kiwandani upande mmoja na darasani upande wa pili. Umri wa kuanza ulikuwa miaka 10, ukapandishwa hadi 11 mwaka 1893, kisha 12 mwaka 1899. Jua hilo, utaelewa kwa nini mtoto wa miaka tisa kwenye sensa anageuka ghafla kuwa na kumi na moja. Wazazi walijua hesabu.

Hata sababu ya kifo inaweza kuthibitisha kazi. Wasokotaji wa mashine zile walipata saratani ya ngozi sehemu za siri kwa sababu ya mafuta yaliyowarukia na kulowesha nguo miaka nenda rudi, ikajulikana kama ugonjwa wa wasokotaji. Ukiona mtu unayemdhania kuwa wako amekufa kwa saratani ya aina hiyo Oldham, kuna uwezekano mkubwa alikuwa mtu wa nyuzi. Neno "phthisis" utalikuta zaidi, hicho ni kifua kikuu.

Sasa jambo linalohitaji staha. Utakuta kaya ambayo mama ana miaka 49, na mtoto wa mwisho ana mwaka mmoja, wakati binti mkubwa ana miaka 19 na bado yuko nyumbani. Simama hapo. Nenda kwenye faharasa mpya ya ofisi kuu ya usajili, ambayo imeongeza jina la ukoo la mama kwa vizazi vyote tangu 1837. Kama mahali pa jina hilo pana kistari tu, mtoto alizaliwa nje ya ndoa, na mara nyingi ni wa yule binti. Bibi na babu walimwandika kuwa wao, majirani wakakubali, mtoto mwenyewe pengine akakua akimwita mama yake dada. Huku kwetu mtoto wa namna hiyo analelewa na bibi bila karani kudanganywa, kwao ilibidi karatasi iwekwe sawa. Mweleze mzee wako kabla hujaanza kwamba mambo kama haya yatatokea, muulize kama anataka kuambiwa yote.

Kwa upande mwingine, usikimbilie kusema familia imepotea. Annie Kenney, mwanamke mashuhuri wa harakati za kura za wanawake, alianza kiwanda akiwa na miaka kumi, nusu siku shule nusu kazini, na kila mtu humtaja kama mtu wa Oldham. Alizaliwa 1879 Springhead, ambako wakati huo kulihesabiwa Yorkshire! Ni mwendo wa miguu kutoka Oldham, lakini ukibonyeza Lancashire kwenye kompyuta humpati. Familia za wapangaji zilihama kila kodi iliposhinda, nyumba tatu mbele au bonde la pili, na mpaka wa jimbo haukuwahusu. Wewe ondoa jimbo kwenye utafutaji wako. Ondoa pia imani kwenye tahajia: watu wa Lancashire humeza H ya mwanzo, karani mgeni akaandika alichosikia, Haslam akawa Aslam. Ndugu zangu wa Zanzibar watamdhania Mwislamu.

Kama sensa itasema baba wa fulani alizaliwa Ireland, jiandae kupunguza kasi. Sensa za Ireland za 1821 hadi 1851 ziliungua karibu zote Dublin mwaka 1922, za 1861 hadi 1891 ziliteketezwa na serikali yenyewe, na za mwanzo zilizobaki kamili ni za 1901 na 1911, ambazo zinasomwa bure. Tumaini lako hapo litakuwa rejista za parokia za Kikatoliki. Vivyo hivyo, kama kuna aliyepigana vita ya 1914, majalada mengi ya askari yaliungua kwa mabomu ya Septemba 1940. Tafuta kadi ya medali, hizo zipo.

Mkikuta mtu amezaliwa au amefia kwenye nyumba ya maskini, msishtuke. Ile ya Oldham ilikuwa pia hospitali ya wasio na fedha, na mahali pake leo ndipo ilipo hospitali kuu ya mji. Tangu 1904 vyeti vya vizazi vya nyumba hizo viliruhusiwa kutaja anwani ya mtaa tu ili mtoto asiaibike, kwa hiyo anwani yenye Rochdale Road, mtaa wa nyumba ile ya Oldham, ichunguze mara mbili.

Kuhusu fedha, maana najua utauliza. Nunua vyeti vitatu tu kwa kuanzia: cha kuzaliwa cha bibi, cha ndoa cha wazazi wake, na cha kifo cha baba yake. Viagize moja kwa moja kwenye ofisi kuu ya usajili, si kwa madalali wa mtandaoni wanaouza karatasi ileile kwa bei mara mbili. Tovuti za kulipia jiunge mwezi mmoja, baada ya kuandaa orodha yako yote ya maswali, kisha jitoe. Na miti ya ukoo iliyochorwa na watu wengine mtandaoni ichukulie kama uvumi wa kijiweni: inaweza kukuelekeza mlango, lakini usiinakili mpaka uone karatasi. Kipimo cha vinasaba cha baba yako kitasaidia baadaye, ukishakuwa na majina ya kulinganisha. Bila majina utaletewa binamu wa nne huko Australia ambaye naye hajui kitu.

La mwisho, na ndilo nililolifikiria zaidi niliposoma barua yako. Ukiwapata kaka na dada za bibi, utawapata na watoto wao, na baadhi watakuwa hai pale pale Oldham, au miji ya jirani kama Chadderton na Royton. Bibi aliolewa na Mwafrika mwaka 1957, na hakurudi. Inawezekana ni nauli. Inawezekana ni maneno yaliyosemwa nyumbani. Karatasi hazitakuambia, na hao watakaopokea barua yako huenda waliambiwa habari tofauti na yako, au hawakuambiwa chochote. Andika barua fupi. Jitambulishe, sema baba yako ni mtoto wa fulani aliyezaliwa 1934, taja jina la mtaa wa 1939 ili wajue hubahatishi, weka nakala ya picha moja, ile ambayo bibi bado ni msichana. Usiulize kwa nini. Usitaje mali wala safari. Mwambie baba yako aitie sahihi yeye, na anwani ya kujibu iwe yake.